Mpungate wa ndani umelainika shinani: nilivyookoa wa kwangu hapa Dar

Dada, nimesoma swali lako mara mbili na kuangalia picha zote. Umesema uko Tanga, mpungate (kaktasi) umeununua miezi mitatu iliyopita, unakaa juu ya meza sebuleni, unaumwagilia kila Jumatano na Jumapili kama muuzaji alivyokuelekeza, na sasa umelainika chini huku juu ukichipua vitu vyembamba kama vidole. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nilipita njia hiyo hiyo, na mmea wangu wa kwanza ulikufa nikiutazama, kabla sijajua kuuokoa huu nilionao.

Acha maji leo. Usisubiri hata Jumapili.

Ule ulaini wa chini ni uozo, na uozo wa mpungate huanzia kwenye mizizi ukapanda. Kwa nje unaona rangi ya njano na mkunjo kidogo, kumbe ndani umeshafika mbali. Wangu niliudhani una kiu, nikauongezea maji. Siku niliyoushika ili kugeuza chungu, kiganja cha chini kilibonyea kama embe lililovunda, ikatoka harufu ya maji ya mtaroni. Nilipoukata katikati nikakuta weusi umepanda hadi kiganja cha tatu. (Naviita viganja kwa sababu vile si majani. Ni shina lenyewe lililobapa, na ndilo ghala la maji la mmea. Ndiyo maana unaweza kukaa wiki kadhaa bila tone na usife.)

Kwa hiyo chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, na ukate juu ya pale palipolainika. Angalia nyama ya ndani. Ikiwa na alama ya kahawia, hata kama ni nukta tu, futa kisu tena na ukate juu zaidi, mpaka uone kijani kitupu, safi, chenye ute. Hapo usione huruma. Kubaki na kiganja kimoja kizima ni bora kuliko vitano vyenye uozo uliojificha.

Kisha kiache kikauke, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Kiweke mahali penye kivuli na upepo, kisiguse udongo wala maji, hadi pale ulipokata pafunge ngozi ngumu. Vitabu vingi husema wiki moja. Kwa unyevu wa pwani yetu mimi nasubiri siku 14, na wakati wa masika nimewahi kusubiri wiki tatu. Kiganja changu cha kwanza nilikipanda siku ya tatu kwa haraka zangu, nacho kikaoza. Kikishafunga, kisimike wima, sehemu ndogo tu ya chini iingie udongoni, ukiegemeze kwa kijiti, na usikimwagilie mpaka zipite wiki mbili hivi. Ukikivuta kidogo sana kikagoma, ujue kimeshika mizizi.

Udongo uliokuja nao usiutumie tena. Wauza miche wengi hupandia udongo mweusi wenye samadi nyingi, ambao ni mzuri kwa mawaridi lakini kwa mpungate ni kaburi, maana unashika maji siku nyingi. Mimi nachanganya makopo mawili ya mchanga mnene wa mtoni na kokoto ndogo kwa kopo moja la udongo wa bustani uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Chungu kiwe cha udongo, chenye tundu chini, kwa sababu kinapumua pembeni na ni kizito. Mpungate unakuwa mzito juu, na kopo la plastiki huanguka nao. Kile kisahani unachokiweka chini, ukishamwagilia mwaga maji yaliyotuama humo.

Sasa vile vidole vyembamba. Hivyo ni njaa ya mwanga. Mmea unajinyoosha kulitafuta jua, na kiganja kilichotoka chembamba hakitanenepa tena hata ukiuhamisha, kwa hiyo vikate. Meza ya katikati ya sebule kwetu tunaiona ina mwanga, lakini kwa mpungate ni giza. Unataka jua lenyewe liugonge saa nne au tano kwa siku.

Utasoma mtandaoni kwamba uweke dirisha la kusini. Niliufuata ushauri huo miezi sita. Ni ushauri wa watu wa Ulaya na Marekani, ambao jua lao mwaka mzima hupita upande wa kusini. Kwetu linapita karibu na utosi: mwezi wa sita linaelekea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linarudi kusini kidogo, tena likiwa juu sana kiasi kwamba bati la kibaraza linalizuia. Dirisha la kutegemea hapa ni la mashariki, jua la asubuhi, au la magharibi. Wangu uko kwenye nondo za dirisha la mashariki, ghorofa ya pili, na hapo ndipo ulipoanza kutoa viganja vya mviringo, vipana, vizito.

Ila usiutoe sebuleni ukautupa juani siku hiyo hiyo. Uzoeshe, saa moja siku chache, kisha mbili, kwa muda wa wiki mbili. Ukiungua unapata baka jeupe linalogeuka rangi ya majani makavu, na baka hilo halitoki maisha yake yote. Wangu unalo hadi leo.

Kuhusu maji, achana na siku za wiki. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke udongoni hadi chini kabisa, kiache dakika chache, ukichomoe. Kikitoka na udongo ulioganda au ukihisi ubaridi kwenye vidole, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia kwa ukarimu mpaka maji yatokee tunduni, kisha usahau. Kwangu, Januari na Februari joto likiwa kali inakuwa kama kila siku 10 au 12. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, ni wiki tatu. Masika karibu sitoi maji kabisa. Kiganja kikikunjamana kidogo na kuwa chembamba kwa ubavu kikiwa bado kigumu, ndiyo kiu, na kiu inatibika kwa siku mbili.

Nimeona kwenye picha ni ule wa vidoti vya manjano usio na miiba mirefu, asili yake Mexico. Huo unadanganya. Vile vidoti ni mamia ya vimiiba vyembamba kama nywele, vyenye vijino vinavyotazama nyuma kama vya ndoana, na vinang'oka kwa kuguswa tu. Nilibeba wangu kwa mkono mtupu usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, nikawashwa kama nimeshika upupu, na kila nikijikuna vinazama zaidi. Usisugue wala usinawe kwanza. Bandika selotepu juu ya ngozi na uivute, rudia na kipande kipya, kisha vilivyobaki vitoe kimoja kimoja kwa kikoleo cha nyusi kwenye mwanga mzuri. Ukitaka kuushika, kunja gazeti liwe mkanda mnene uuzungushie. Glavu za kitambaa hazifai, vinapenya na kubaki humo vikikusubiri. Umetaja una mtoto anayetambaa, basi nakuomba kwa dhati uuweke mahali ambapo hawezi kufika hata akisimama.

Kitu kingine cha kukagua ni vidung'ata, vile vyeupe kama pamba vinavyojificha kwenye maungio ya viganja. Chovya pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, uviguse kimoja kimoja, urudie kila wiki mpaka viishe. Ukikiponda kikatoa rangi nyekundu kama damu, huyo ni mdudu mwingine, yule anayetumiwa kutengeneza rangi nyekundu ya nguo kule Mexico tangu zamani. Dawa ni ile ile, ila utenge mmea huo mbali na wenzake.

Mwisho, vipande utakavyokata usivitupe nyuma ya nyumba. Kule Laikipia, Kenya, mpungate uliotoka mikononi mwa watu umefunika malisho ya wafugaji. Mbuzi na ng'ombe wanakula matunda, vimiiba vinawajaa midomoni na machoni, na tembo na nyani wanasambaza mbegu, hadi ikabidi waletwe wale wadudu wa rangi nyekundu kuupunguza. Kiganja kimoja kikiangukia udongo kinaota. Vyako vikatekate vidogo, vianike kwenye sakafu ya saruji juani hadi vikauke kabisa kama kuni, halafu uvichome.

Ukishakata, weka picha ya pale kisu kilipopita, iliyopigwa kwa karibu kwenye mwanga wa mchana, niangalie rangi ya nyama kabla hujakianika.