Gego la sita

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 6, yupo darasa la kwanza. Gego lake la chini limetoboka na usiku analia. Bibi yake anasema tuliache, ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Kupiga mswaki nako ni vita kila asubuhi. Nimfundisheje?
Mama Rehema, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mama Rehema. Jino linalomliza mtoto usiku halisubiriwi. Kesho mpeleke kwenye kituo chenye tabibu wa meno, naye akishaliona ataamua kama ni la kuziba au kung'oa. Akivimba shavu au akipata homa, nenda leo leo.

Maneno ya bibi yanafaa kwa meno ya mbele. Hayo huanza kung'oka umri huu huu. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, kwa hiyo Rehema ana miaka mingine minne ya kuyatafunia. Tena yanashikia nafasi meno yajayo. Likiondoka moja mapema, majirani husogea, na jino la kudumu likija halina pa kukaa.

Kuna jambo linaniuma sana kazini. Wiki hii nimempokea mvulana wa miaka 7, gego limeoza hadi katikati. Mama yake akaniambia, "Si la utoto hilo?" Halikuwa la utoto. Karibu na miaka 6 huota gego la kudumu nyuma kabisa, na hakuna jino linalong'oka kulipisha, ndiyo maana mzazi hashtuki. Hilo halina mbadala.

Basi anzia hapo kumfundisha. Mkalishe dirishani penye mwanga, mpe kioo, mhesabu pamoja kuanzia katikati kwenda upande mmoja: moja, mbili, mpaka tano. Hayo ni nafasi za meno ya utoto, hata kama la mbele limeshang'oka. La sita ndilo jipya. Mwambie ni lake mpaka uzeeni. Watoto wa umri huu hupenda sana kuwa na kitu chao, na nimeona wengi wakiomba mswaki wenyewe baada ya kulihesabu.

Mswaki wa usiku ndio usiukose, na baada yake ni maji tu. Dawa ya meno iwe yenye floridi (madini yanayokinga meno yasioze), kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue. Mkono wake bado haujakomaa, kwa hiyo aanze yeye, umalizie wewe: simama nyuma yake, kichwa kiegemee tumboni mwako, uone ndani. Lile la sita bado fupi kuliko wenzake, mswaki hulipita juu. Ugeuze uingie kutokea shavuni.

Ubuyu wa getini shuleni usiupige marufuku, atakula kwa kujificha. Kinachoozesha meno zaidi ni kuumung'unya kutwa, maana kila sukari inapoingia, vijidudu hutengeneza asidi tena. Aulete nyumbani, aule kwa mkao mmoja baada ya chakula cha mchana.

Na tafadhali, nyumbani msimtishie "nitakupeleka ukang'olewe". Mtoto aliyetishiwa hivyo hafungui mdomo kwangu, hata kwa kuangaliwa tu.

Kioo hicho, mwombe bibi yake akishike.