Jiwe la kaburi lisilo na kaburi: maswali yenu na majibu yangu

Barua za safari hii karibu zote ni za mawe ya makaburi yaliyookotwa mbali na makaburi. Nimechagua chache. Walioniuliza tena namna ya kufungua mti wa ukoo wakasome majibu ya nyuma.

Shikamoo mzee. Nilikuwa nabomoa kibaraza cha nyumba niliyonunua, nikakuta bamba la marumaru limelazwa kifudifudi. Kulipindua, lina jina la mtu na mwaka 1868. Mke wangu hataki kulala humu tena. Je, tunaishi juu ya maiti?

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama alale. Jiwe lililolazwa kifudifudi ndani ya kibaraza halikuwekwa na wafiwa. Liliwekwa na fundi aliyetaka kitu bapa. Mawe haya huhama kwa sababu za kawaida kabisa. Mchongaji alikosea herufi moja, familia ikalikataa, likawa ngazi ya jikoni. Au mama naye alifariki, watoto wakasimamisha jiwe jipya lenye majina ya wazazi wote wawili, la zamani likabebwa na mtu.

Wakati mwingine makaburi yenyewe ndiyo yaliyohama. Mji wa San Francisco ulipiga marufuku mazishi mapya mwanzoni mwa karne ya 20, kisha maiti zikafukuliwa na kupelekwa mji jirani wa Colma. Mawe ambayo hakuna ndugu aliyeyalipia yakaishia kwenye kuta za kuzuia bahari na kwenye mifereji ya Buena Vista Park, na baadhi yanasomeka hadi leo. Prague, mwaka 2020, mafundi waliong'oa mawe ya barabarani wakakuta ni vipande vya mawe ya makaburi ya Wayahudi, herufi zikiwa zimegeuzwa chini.

Hata hivyo, ukiona mfupa, acha koleo hapo hapo uite polisi. Usijifanye mtaalamu wa mambo ya kale.

Sasa likague. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na jiwe hili nalo litazame mguuni. Sehemu iliyokuwa ardhini huwa na rangi tofauti na ya juu. Kama hakuna mstari huo, na kingo bado ni kali kama zimekatwa jana, huenda halikuwahi kusimama kaburini hata siku moja. Tafuta pia jina la mchongaji, ambalo mara nyingi hukaa chini kabisa, karibu na udongo au ndani yake. Jiwe ni zito na zamani lilibebwa kwa mkokoteni, kwa hiyo mchongaji wa kawaida hakuuza mbali. Ukijua karakana yake ilikuwa mji gani, umeshapunguza dunia ikawa wilaya.

Nipake povu la kunyolea, unga au chaki ili maandishi yaonekane?

Kila mwezi, jamani! Hapana. Na jiki pia hapana, na brashi ya waya hapana. Povu huacha kemikali kwenye vitundu vya jiwe, unga hulisha ukungu, na waya hufuta kile kile unachotaka kukisoma. Maji safi, brashi laini, halafu mwanga kutoka ubavuni: tochi usiku, au kioo mchana kikirushia jua juu ya jiwe. Kivuli kitakusomea.

Jiwe linasema alifariki "katika mwaka wa 45 wa umri wake", rejista ya mazishi inasema 44. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Mtoto wa miezi mitatu yuko katika mwaka wake wa kwanza. Na kwa kuwa utaniuliza baadaye: ukikuta jiwe la Uingereza limeandikwa Februari 1731/2, usidhani mchongaji alikuwa na mashaka. Kabla ya 1752 mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, ndiyo maana miezi ya mwanzo ilibeba miaka miwili.

Nimelitafuta jina lililo kwenye jiwe mtandaoni. Miti ya ukoo 14 inalo, na yote inakubaliana. Nimeshamwandikia mmoja wa wenye miti kwamba jiwe ni la babu yake. Nimefanya vizuri?

Hapana, ndugu yangu. Miti 14 iliyonakiliwa kutoka mti mmoja ni mti mmoja. Ifungue mmoja mmoja uone nani ameambatisha cheti, ubatizo au wosia. Nakuhakikishia wengi wameambatisha mti wa mwenzao. Hata Find a Grave, tovuti ya kumbukumbu za makaburi iliyoanza 1995 kama orodha ya makaburi ya watu mashuhuri, hujazwa na watu wa kujitolea. Ukurasa usio na picha ya jiwe ni neno la mtu, basi.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza miezi minane nikimtafuta mtu aliyefariki 1831. Jiwe lake lilikuwa limekaa miaka chini ya bomba la mvua. Usiku mmoja nikalimulika kwa tochi kutoka kushoto, nikaona ile 3 ina tumbo upande wa pili. Ilikuwa 8. Mtu wangu alifariki 1881, na mwaka huo sensa ilikuwa ikiandika kila aliyelala nyumbani. Nusu saa ilinitosha, na si kwa sababu ya jina lake, maana wenye jina hilo walikuwa utitiri. Jiwe lilimtaja mkewe, na jina la mkewe lilikuwa adimu.

Kwa hiyo anza na jina la pili. "Mke wa", "mtoto wa", hata la kichanga aliyeishi siku chache. Wawili hao watafute katika nyumba moja, kisha thibitisha tarehe ya kifo kwenye karatasi iliyoandikwa wakati ule. Jua pia karatasi zinaanza lini: England na Wales usajili wa vifo wa serikali ulianza Julai 1837, na kabla yake utategemea rejista za parokia, zilizoamriwa 1538. Sensa ya Marekani haikutaja watu wote huru wa nyumba kwa majina hadi 1850. Kabla ya hapo mke wa jiwe lako ni alama tu kwenye safu ya wanawake.

Na huyo uliyemwandikia, mwandikie tena umwombe radhi.

Jiwe lina mwaka 1285 tu, maandishi ni ya Kiarabu. Niongeze 622?

Usiongeze. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo 1285 ilianza Aprili 1868, haikuwa 1907. Kwa mawe ya Kiebrania, mwaka huandikwa kwa herufi na maelfu huachwa: ukipata 628, ongeza 1240 upate 1868, ila mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, na kifo cha miezi ya mwanzo ya mwaka huo huangukia 1867. Hayo yana zawadi kubwa: jina la baba wa marehemu kwa kawaida limo humo humo.

Kuna mtu wa vitu vya kale amenipa bei nzuri.

Hapana.

Nimeyapata makaburi na nimewapata vitukuu. Makaburini kuna jiwe jipya tayari, na vitukuu hawalitaki hili. Nilipeleke tu usiku nikaliache getini?

Ukiliacha getini, kesho kuna mwingine ataniandikia amekuta jiwe. Onana na msimamizi wa makaburi mchana, akuoneshe ramani ya viwanja, na mwulize kama analipokea. Akikubali, beba watu watatu: bamba la marumaru la mita 1 kwa sentimita 50, unene sentimita 10, ni kama kilo 135. Libebeni kwa ukingo, likiwa wima, maana likibebwa bapa huweza kuvunjika katikati kwa uzito wake.

Akikataa, libaki kwako. Liegemeze mahali pakavu, usilitie saruji mguuni. Piga picha mbele, nyuma na chini, andika ulilikuta wapi na ni la nani, karatasi hiyo uiweke pamoja na hati ya nyumba. Atakayeinunua nyumba baada yako ana mke naye.