Re: Jaribio la kirutubisho cha ng'ombe: una n=2, si 240

Simama hapo hapo, usinunue hata gunia moja. Chupa za sampuli, kipimo cha takwimu, jarida la kupeleka: hayo baadaye. Umeandika ng'ombe 60 wa maziwa, mabanda mawili, 30 wanawekewa kirutubisho horini na 30 hawawekewi, kila chuchu inapimwa hesabu ya seli za maziwa (zikizidi ni dalili ya ugonjwa wa kiwele), "kwa hiyo n ni 240". n ni idadi ya vitu vilivyogawiwa kila kimoja kwa kura yake. Si 240. Hata 60 si yako. Una 2: banda moja dhidi ya banda moja.

Kura yako ya nani apate kirutubisho imeangukia banda, haikumwangukia ng'ombe. Wa banda A wanakula hori moja, wanalalia matandiko yale yale, na akiwemo mmoja mwenye bakteria wa kiwele, Staphylococcus aureus, vikombe vya mashine ya kukamulia vinawagawia wenzake. Mwishoni banda B lina seli nyingi. Ni kukosa kirutubisho, au ni sakafu yenye unyevu? Hakuna programu itakayokutenganishia, maana kwenye data yako tofauti ya banda na tofauti ya chakula ni kitu kimoja. Jaza ng'ombe 100 kila banda, bado ni 2.

Mwanaekolojia Hurlbert aliliandika kosa hili mwaka 1984, urudufu bandia, yaani kuhesabu vipimo vya kitu kimoja kama vitu tofauti, na mwongozo wa ARRIVE 2.0 wa 2020, wa kuripoti majaribio ya wanyama, unataka utaje kizio cha jaribio, kile kilichopigiwa kura, kwenye kipengele cha kwanza kabisa. Ila yule mtu wa takwimu niliyemlipa mimi alisema "hesabu kila kipimo, nguvu inapanda", yaani uwezo wa jaribio kuiona tofauti. Ilipanda kweli, hadi kwa mhakiki wa kwanza wa jarida, ikashuka na miezi 14 yangu. Ada hakurudisha. Nadhani alinihesabu kama wateja wanne.

Kilichopigiwa kura ndicho kinachohesabiwa. Basi.

Ukishikilia hori, gawanya mabanda madogo. Matatu kwa matatu ni bure: kura inaweza kuanguka kwa namna 20 tu, hivyo ukipima kwa kupangua kura (kulinganisha tofauti yako na ile ambayo kila kura nyingine ingetoa), p ya pande mbili, yaani uwezekano wa bahati tu kuleta tofauti kubwa kama yako, haishuki chini ya 2/20, yaani 0.1, na kawaida hutakiwa iwe chini ya 0.05. Manne kwa manne yana namna 70, p inaweza kufika 0.029. Ng'ombe 56, saba kila banda. Nafuu zaidi, mpe kila ng'ombe dozi yake wakati wa kukamua: waoanishe ndani ya banda kwa idadi ya uzao na hesabu ya seli ya mwezi uliopita, kisha rusha sarafu kwa kila jozi. Hapo 60 ni halali, na jozi ziingie kwenye uchambuzi.

Chuchu nne, kila moja na robo yake ya kiwele, ni ng'ombe mmoja. Kwa kila robo chukua log2 (logi ya msingi wa 2) ya (seli kwa mililita ÷ 100,000), jumlisha 3, ndipo utafute wastani. Kiwele chenye robo tatu za 50,000 kila moja na robo moja ya 3,200,000 kinatoa 2, 2, 2 na 8, wastani 3.5, kama seli 141,000. Kwa namba ghafi ungepata 837,500, robo moja mbovu imewasemea wote. Lakini weka na safu ya robo zilizovuka 200,000, kwa sababu hiyo 141,000 inaficha ugonjwa wa kiwele.

Watafiti wa meno mnaosoma hapa msicheke: kukata jino moja vijiti kumi vya kupima kisha mkaandika n=10 ni dhambi ile ile.

Chupa: maziwa ya kuhesabu seli yatiwe kihifadhi, yakae baridi, yasigande. Ya kuotesha bakteria yasitiwe kihifadhi chochote. Sasa chora mabanda kwenye karatasi, weka nukta kila kura ilipoangukia, uzihesabu kabla hujampigia muuza magunia.