Faiba juu ya plaiwudi: kwa nini ya jirani ilibanduka

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejenga boti ya plaiwudi hapa Igombe, urefu mita 5. Nataka kuivika faiba kwa nje ili isinyonye maji. Dukani nimeuziwa resini ya polyesta na mati. Jirani yangu alitumia hivyohivyo, na mwaka wa pili faiba ikaanza kubanduka, chini yake mbao imeoza. Niitayarisheje yangu isifike huko? Na hii resini inafaa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na resini, yaani ule uji unaolowesha nyuzi za faiba na kugandisha, kwa sababu ukiikosea hiyo, msasa wote utakaopiga ni kazi bure. Polyesta inafanya kazi vizuri ndani ya kalibu, pale boti nzima inapotengenezwa kwa faiba tupu. Kwenye mbao mshiko wake ni dhaifu. Inasinyaa inapokauka, na plaiwudi ikivimba kwa unyevu na kurudi kwa jua, yenyewe haiwezi kuifuata. Inaachia kidogo kidogo na kwa nje huoni kitu. Siku boti ikigonga jiwe, na ufukwe wetu huu wa Mwanza ni mawe kila upande, unatokea ufa, maji yanapita kati ya ganda na mbao, na yakishaingia hayana pa kutokea.

Tena ziwa letu halina chumvi. Wengi wanadhani hiyo ni nafuu kwa boti, kumbe kwa mbao ni kinyume chake: chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao, na maji ya Victoria hayana kinga hiyo. Ganda lililobanduka lilimfungia jirani yako unyevu ndani, kuvu wakapata makazi.

Kwa hiyo mwombe mwenye duka akubadilishie, uchukue epoksi, aina nyingine ya resini. Ni ghali, sikufichi, lakini ikishika mbao ukaja kuing'oa, inatoka na nyuzi za mbao. Mati nayo irudishe. Nyuzi zake zimeshikizwa kwa gundi inayoyeyuka ndani ya polyesta. Kwenye epoksi haiyeyuki, mati inabaki ngumu na inagoma kulala kwenye kona. Tafuta kitambaa cha faiba kilichofumwa, cha gramu 200 hivi kwa mita ya mraba. Kwenye mkuku na sehemu zinazoburutwa mchangani weka tabaka mbili. Ukijumlisha mkono wa kwanza (yaani mpako wa kwanza), kulowesha kitambaa na mikono miwili ya kujaza mfumo wa kitambaa, weka hesabu ya gramu 800 za epoksi kwa kila mita ya mraba, halafu ongeza kidogo kwa ajili ya itakayobaki kwenye vyombo. Hiyo ni kwa nje peke yake.

Kabla hujatoa hela hiyo, ipime plaiwudi yenyewe. Chukua kipande kilichobaki, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa. Tabaka zikiachana, gundi yake si ya maji, na hakuna faiba itakayoiokoa boti hiyo. Heri ujue leo.

Sasa ukavu. Ifudikize boti chini ya paa, hewa ipite pande zote, usiizungushie turubai. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kwa kazi hii. Jioni bandika kipande cha nailoni angavu juu ya mbao, uzibe kingo zake kwa selotepu. Asubuhi ukikuta matone ndani, bado ina maji, subiri. Nasisitiza hapa kwa sababu faiba haichagui: inazuia maji kuingia, na inazuia pia yaliyomo kutoka.

Vichwa vya skrubu vizame kidogo, matundu uyazibe kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao mpaka isimame kwenye mwiko bila kutiririka. Puti ya magari usiipeleke majini. Nayo ni polyesta na inanyonya. Kona zote kali zizungushe kwa randa na msasa zifanane na ubavu wa kidole gumba, la sivyo kitambaa kitainuka na kuacha hewa chini yake. Kisha msasa namba 80 mwili mzima, uishie hapo. Ukilainisha zaidi unaiondolea epoksi pa kushika. Vumbi toa kwa brashi na kitambaa kikavu. Usifute kwa petroli wala dizeli, maana mafuta yanabaki kwenye mbao.

Anza kupaka alasiri, jua linaposhuka. Mbao ikiwa inapoa, hewa iliyo ndani yake inajikunyata na kuivuta epoksi; ukianza asubuhi hewa inapanuka na kukutolea mapovu. Ila usiendelee usiku kwa taa karibu na maji. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu watagandia wote kwenye boti yako.

Hadina, ile dawa ya kuigandisha epoksi, ipime kwa mizani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Mafundi waliozoea polyesta huongeza au kupunguza hadina kulingana na hali ya hewa. Kwenye epoksi ukizidisha haiharakishi, inabaki laini moja kwa moja. Changanya kidogo kidogo, uimwage kwenye chombo kipana, kwa sababu ikijaa kwenye kopo refu inajipasha moto hadi kutoa moshi. Na vaa glavu kila mara. Ngozi ikishaanza kuikataa epoksi, mzio huo haukuachi.

Mkono wa kwanza ni epoksi tupu. Ikianza kunata tandika kitambaa, kilaliane sentimita 10 juu ya mkuku, ukisukume kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Kikilowa sawasawa kinaangaza na mfumo wake unaonekana. Penye kung'aa kama kioo umezidisha, kitambaa kinaelea. Mikono ya kujaza ipake wakati ya chini bado inanata. Ikishakauka usiku kucha, ioshe kwanza kwa maji na sponji ngumu kuondoa utelezi unaojitokeza juu, ndipo upige msasa.

Ndani usipasahau, maana maji ya mvua na ya samaki hutuama humo. Paka epoksi mikono mitatu, hasa kwenye kingo zilizokatwa. Nje na ndani zote zinahitaji rangi, kwani jua huila epoksi. Lakini kabla ya rangi, pita ukigonga ganda lote kwa sarafu. Panapolia kama tupu weka alama ya penseli, pakate, pakwangue hadi kwenye mbao, uweke kiraka.