Hazina ina pesa, malipo hayatoki: Mali na faranga ya CFA

Swali: Mtaalamu, naomba ufafanuzi. Mali hukusanya kodi kwa faranga ya CFA na madeni yake mengi ya soko la ndani ni ya faranga hiyohiyo. Iweje mwaka 2022 ikashindwa kuyalipa? Na kwa nini haikujitoa ikachapa noti zake? Nauliza kwa kuwa nasi Afrika Mashariki tunaambiwa sarafu moja iko njiani. (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Ndugu msomaji, tuanzie pale pesa ya serikali inapokaa. Mali haina benki kuu yake. Nchi nane, yaani Benin, Burkina Faso, Côte d'Ivoire, Guinea-Bissau, Mali, Niger, Senegal na Togo, zimo kwenye umoja wa faranga ya CFA na zinatumia benki kuu moja, BCEAO, yenye makao Dakar. Hatifungani ya Mali, yaani hati ya mkopo wa serikali, inapofikia siku ya kulipwa, mwenye nayo halipwi noti mkononi. BCEAO hupunguza salio la Hazina ya Mali na kuongeza la benki iliyonunua hatifungani, ambayo huenda iko Abidjan au Lomé. Akaunti ikizuiwa, hata ghala la Bamako lijae noti, deni halilipiki.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 9 Januari 2022, wakuu wa nchi za ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, na wale wa umoja wa faranga walikutana Accra, wamekasirishwa na wanajeshi waliokuwa wakitawala Mali na waliotaka kuahirisha uchaguzi kwa miaka. Mipaka ikafungwa na fedha za serikali zilizoko BCEAO zikazuiwa. Mwezi haukuisha kabla Mali haijapitwa na tarehe za malipo.

Kulikuwa na kufuli la pili, ambalo halisemwi sana. Serikali nyingi hulipa hatifungani za zamani kwa kuuza mpya. Mali ilipofungiwa mnada wa pamoja wa umoja huo, mzunguko huo ukakatika. Kukopa moja kwa moja BCEAO nako hakukuwezekana, maana sheria zilizoanza kutumika 2010 zinaikataza benki hiyo kuzikopesha serikali. Mishahara ya watumishi iliendelea kutoka, kwa kodi na ushuru wa ndani. Kwa hiyo Mali haikufilisika. Ilikosa ukwasi, yaani pesa inayoweza kutumika papo hapo, tena kwa uamuzi wa majirani. Mwezi Machi mahakama ya umoja huo iliamuru vikwazo vya umoja visimamishwe, lakini kufuli halikufunguliwa hadi Julai, viongozi wa ECOWAS walipokubaliana wenyewe. Wanasheria wetu waichunguze kesi hiyo.

Wala Mali haikuwa ya kwanza. Laurent Gbagbo, rais wa Côte d'Ivoire, alipogoma kuondoka madarakani baada ya uchaguzi wa 2010, Desemba mwaka huo umoja uliamua saini inayotambulika BCEAO ni ya upande wa mpinzani wake, Alassane Ouattara. Januari 2011 Gbagbo akateka ofisi za benki hiyo Abidjan. Februari benki kubwa za biashara zikafunga milango. Niger nayo ilikwama kulipa baada ya mapinduzi ya Julai 2023.

Kuhusu kujitoa: Mali ilishajaribu. Mwaka 1962 serikali ya Rais Modibo Keïta ilitoa faranga ya Mali. Wafanyabiashara waliipinga, magendo yakashamiri, na 1967 thamani yake ikakatwa nusu. Mwaka 1984 nchi ikarudi kwenye CFA, faranga mbili za Mali kwa moja. Ukiongeza kwamba bidhaa zake hupitia bandari za Dakar na Abidjan, na akiba ya fedha za kigeni iko kwenye kapu la pamoja, unaelewa kwa nini Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa ECOWAS Januari 2025 lakini zikabaki na faranga.

Sasa kwetu. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Lengo la 2024 likasogezwa hadi 2031. Mjadala wetu karibu wote ni wa vigezo: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Kwangu mimi hayo ndiyo mepesi. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, Januari 2025, Benki Kuu ya Kongo ilifunga tawi lake pale, benki za biashara nazo zikafunga, na wakazi wakahangaika kupata noti. Hapo ni nchi moja na mji wake. Kinshasa na Kigali zote ni wanachama wa Jumuiya. Siku zikikaa kwenye bodi moja ya benki kuu, nani atakuwa na mamlaka ya kuzuia akaunti ya Hazina ya mwenzake? Kwa kura ngapi? Na mahakama ya Arusha ikisema fungueni, benki italazimika kufungua siku ileile, au itasubiri kikao cha marais?