Jibu: Mimba tatu zimetoka na ANA imeonekana, je, ni lupasi?

Pole sana, dada. Mimba tatu kutoka kabla ya wiki ya 10, pamoja na ANA (kingamwili zinazolenga viini vya seli za mwili wenyewe) iliyopanda kidogo, hazitoshi kusema una lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Hata baadhi ya watu wenye afya njema kabisa huwa na ANA.

Zinazotafutwa hasa ni kingamwili za antifosfolipidi, ambazo huvuruga kondo la nyuma na kugandisha damu. Ukienda maabara, iwe Upper Hill, Nairobi, au mtaani kwako, hakikisha fomu ina vipimo vyote vitatu: lupasi antikoagulanti (licha ya jina, si kipimo cha lupasi yenyewe), antikadiolipini (aina mbili za kingamwili, IgG na IgM) na anti-beta-2 glikoproteini. Wengi hukosea hapa, wanapima mara moja tu. Zikionekana, rudia baada ya wiki 12, kwa sababu hata maambukizi huzipandisha kwa muda. Damu itolewe kabla hujaanza heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana huweza kupotosha kipimo cha lupasi antikoagulanti.

Zikithibitika, tiba kwa kawaida ni aspirini ya 75 mg kila siku, na sindano ya heparini mimba ikishaonekana. Enoksaparini, aina ya heparini, mara nyingi ni 40 mg kwa siku, lakini kipimo chako apange daktari. Unadunga kwenye ngozi ya tumbo. Usisugue baadaye, utavilia damu. Na kama unatumia warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, tafadhali mwone daktari kabla hujashika mimba: inadhuru mtoto.