Kwa Wanaoanza Kutengeneza Nakala za Bunduki za Kale

Wengi wanaokuja kuomba kujifunza katika karakana yetu, Eneo la Viwanda hapa Nairobi, hudhani kwamba ugumu wa kutengeneza nakala za bunduki za kijeshi za kale umo katika kukata chuma. Fundi aliyekomaa kwenye kerezo, yaani mashine ya kuzungushia na kukatia chuma, au hata yule wa Kamukunji mwenye nyundo na tupa tu, ataweza kukupa karibu kila kipande utakachomchorea kwa usahihi. Ugumu umo katika kuamua ni kitu gani hasa unachokinakili, na uamuzi huo hufanywa kabla mashine haijawashwa.

Ieleweke kwanza kwamba tunachotengeneza sisi ni nakala za majumba ya makumbusho, majukwaa ya maigizo na filamu, zisizoweza kufyatua kitu chochote. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, hairuhusu mtu kutengeneza silaha ya moto bila idhini, na fundi asiyekuwa na idhini hiyo hana ruhusa ya kujaribu “kidogo tu ili kuona kama inawezekana.” Kwa hiyo mtutu wetu ni ufito wa alumini usiotobolewa, isipokuwa kishimo kifupi mdomoni ili mtazamaji aone giza la tundu. Mteja akianza kuuliza kama kishimo hicho kinaweza kurefushwa, mrudishie malipo yake ya awali na umuage kwa heshima.

Sasa nirudi kwenye kielelezo, yaani bunduki ya asili unayoipima. Mwanafunzi huamini kwamba akiwa na bunduki moja ya kweli mkononi na kalipa (kifaa cha kupimia unene) nzuri, basi ana kila kitu. Chukua mfano wa gobori la Uingereza la Enfield la mwaka 1853, ambalo waandaaji wa maonyesho ya historia ya karne ya 19 huliulizia mara kwa mara. Mtutu wake una urefu wa inchi 39, na unashikwa kwenye mti kwa pete tatu. Hata hivyo bunduki hiyo haikutengenezwa mahali pamoja wala kwa njia moja. Kiwanda cha serikali cha Enfield, baada ya kufungiwa mashine zilizonunuliwa Marekani katika miaka ya 1850, kilitoa bunduki ambazo vipande vyake vingeweza kubadilishana, ilhali mafundi wa Birmingham waliendelea kulinganisha kila kipande kwa tupa na kwa macho. Ukipima bunduki ya Birmingham unapima mkono wa mtu mmoja na siku yake moja ya kazi: tundu la skrubu limesogea kidogo upande mmoja, bamba linaloshika mtambo wa kufyatulia ni jembamba zaidi kwenye ncha, na hakuna sababu ya kiufundi ya tofauti hizo. Ukizinakili zote kwa uaminifu, nakala ya pili haitaingiliana na ya kwanza, nawe utajikuta umerithi uchovu wa fundi aliyekufa zaidi ya karne moja iliyopita.

Ndiyo maana kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham, ilipoanza kutengeneza nakala za bunduki hiyo kwa wapiga shabaha, haikutegemea kielelezo kimoja bali ilitumia vipimio vya asili vya serikali. Biashara hiyo ya nakala ilikuwa imepata nguvu Wamarekani walipoadhimisha miaka mia moja ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1961, wakati ambapo mafundi wa Gardone Val Trompia nchini Italia nao walipata soko kubwa. Hao wote walikuwa na mzigo ambao sisi hatuna, kwa kuwa mitutu yao hufyatua kweli na ni lazima ipitie majaribio rasmi ya shinikizo, kazi ambayo huko Birmingham hufanywa na taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1813. Ushauri wangu katika hili ni mfupi. Pima vielelezo vingi kadiri utakavyoruhusiwa, andika tofauti zake, kisha uchore mchoro mmoja ulio wako na usiuache.

Kielelezo hudanganya kwa namna nyingine pia, nayo naiona kuwa mbaya zaidi kwa sababu haionekani kwenye kalipa. Bunduki ya jeshi hutengenezwa upya mara nyingi katika maisha yake. Mteja anapotaka bunduki za Kiingereza za Lee-Enfield kwa ajili ya onyesho la mapigano ya Salaita, karibu na Taveta, Februari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, bunduki atakayokuletea huenda ina vipande vya miaka ya baadaye. Toleo la Mk III la 1907 lilikuwa na kibamba cha kuzuia risasi za kasha zisiingie chemba, pamoja na vilengeo vya pembeni vya masafa marefu. Toleo la Mk III*, lililoidhinishwa mwanzoni mwa 1916, liliviacha vitu hivyo ili kuharakisha uzalishaji, na ni vigumu kuamini kwamba lilikuwa limeshafika vichakani mwa Taita mwezi uliofuata. Kwa upande wa Wajerumani kosa la kawaida ni kuwapa askari wao wote Mauser ya 1898, ilhali mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Kiafrika zilikuwa bado na Mauser ya 1871, yenye tundu la milimita 11 na risasi za baruti nyeusi, ambazo moshi wake uliwafichua mara tu walipofyatua. Mwongozaji wa filamu atakuambia kwamba hakuna atakayetambua. Babu zetu waliokuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Waingereza, na Wakariakoo waliobeba mizigo yao, wameachiwa kumbukumbu chache mno mjini humu, ukiacha sanamu zile za shaba za Kenyatta Avenue na jina la Kariokor, hivyo naona ni haki yao kuonyeshwa na silaha zilizokuwapo kweli.

Baada ya mchoro kukamilika, matatizo yanayobaki ni ya karakana. Vipimo vya Kiingereza ni vya inchi, na ukivikadiria kwa milimita kamili kila kipande kitakosea kidogo hadi kosa litokee kwenye kiungo cha mwisho. Hesi, yaani mizunguko ya skrubu, nazo zina pembe zake: hesi ya Whitworth, iliyopendekezwa mwaka 1841, ina pembe ya nyuzi 55, na ya metriki nyuzi 60, achilia mbali hesi ambazo viwanda vya silaha vilijitungia. Kwa nakala isiyofyatua sioni dhambi kutumia hesi za metriki ndani ya mti pasipoonekana, mradi kichwa cha skrubu kiwe na umbo na mfuo wa asili.

Kwenye kusubu, yaani kumimina chuma kilichoyeyushwa ndani ya kalibu, jihadhari na njia ya mkato ya kuchukua kipande cha asili na kukitumia moja kwa moja kutengenezea kalibu. Chuma kikipoa hunywea kwa takriban asilimia mbili, na nta inayotumika kuumbia kipande kabla ya chuma kumiminwa nayo hunywea kabla yake. Bamba la mtambo lenye urefu wa milimita 130 litapungua milimita mbili na nusu au zaidi, na matundu yote yatahama pamoja nalo. Chonga kielelezo kikubwa kidogo kwa makusudi, usubu, kisha utoboe matundu baadaye.

Mti wa kitako ndio utakaokusumbua kwa muda mrefu zaidi. Waingereza walitumia walnati, ambao hatuna. Mgrevilea hupatikana kwa urahisi lakini ni mwepesi na una alama zinazoonekana hata ukipakwa rangi. Mvule una uzito unaofaa na rangi nzuri, ila nyuzi zake zimesokotana, hivyo patasi huchimba badala ya kukata. Noa mara kwa mara na upunguze kidogo kidogo. Usinunue mti Gikomba leo ukauchonga kesho. Uache ukauke karakanani, na usisahau kuuliza nakala itakaa wapi, kwa sababu mti uliotulia katika hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, utavimba ukipelekwa Mombasa, na mtutu uliokuwa umekaa vizuri kwenye mfuo wake utabanwa. Kwa kazi ya pwani acha nafasi ndogo, paka mafuta ya kitani hata ndani ya mfuo, na vyuma uviwekee nta.

Nakala ikishakamilika, gonga jina la karakana na mwaka kwa kina kwenye kipande kikuu kisichoweza kuondolewa, kamwe si kwenye skrubu au pete. Usigonge alama ya taji wala jina la kiwanda cha asili bila alama yako kando yake. Nakala iliyotengenezwa vizuri huweza kuuzwa baadaye kwa mtu asiyejua kama kitu cha kale halisi, na anayeuza hatakuwa wewe.

Mwisho, safari. Usiibebe nakala mkononi, wala kwenye bodaboda, wala ndani ya matatu ikiwa imefungwa kwa gunia. Polisi hawana njia ya kujua kutoka upande wa pili wa barabara kwamba mtutu wako ni ufito usiotobolewa, na bunduki bandia zimetumika katika wizi wa kweli mjini humu. Iweke ndani ya sanduku lenye kufuli, uipakie kwenye gari, ukiwa na barua ya mteja yenye muhuri, picha za kila nakala na idadi yake, na umjulishe mkuu wa kituo cha polisi cha eneo unakoipeleka kabla hujaondoka.